Msilaumu Dizeli, Ulizeni Moshi Unaelekea Wapi

Majira ya kuwinda yanapokaribia katika milima ya Colorado, Wyoming na Montana, wosia unaotolewa ni uleule: ukitaka joto ndani ya hema, nunua hita ya gesi, ile ya dizeli itakuua usingizini. Wanausema wazee wa Kimarekani waliokulia kwenye uwindaji, wanausema wauza vifaa, na siku hizi unasemwa kwa Kiswahili pia, na ndugu zetu wa Kongo, Kenya na Tanzania waliohamia huko, wakakata leseni na kujifunza kumfuata elki, yule mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake hupita kilo 300. Wanausema kwa nia njema kabisa. Mtu akimwona mwenzake anashusha kisanduku cha dizeli garini, humwambia, "Kaka, hilo lirudishe. Dizeli na hema wapi na wapi?"

Mimi napinga, na napinga kwa nguvu, kwa sababu ushauri huu haukosei kidogo. Unamtoa mtu kwenye kifaa kinachochoma mafuta nje ya pumzi yake na kumkabidhi kifaa kinachochoma mafuta ndani ya hewa anayoivuta usiku kucha. Anayeufuata anaamini amekwepa hatari, kumbe ameilaza ubavuni.

Nianze kwa kuwapa wenzangu haki yao. Wanaujua moshi wa dizeli. Kila aliyesimama nyuma ya lori bovu kituoni anaujua: mweusi, mzito, unawasha macho na kugandia nguoni. Wanajua kwamba hita nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo zimetoka viwanda vya China, kwamba nyingine zimebandikwa kilowati 8 bila kufika hapo, kwamba gasketi zake huja zimelegea na kijitabu cha maelekezo hakieleweki. Wanajua pia kwamba wapo watu waliokufa kwenye mahema na magari ya kulala yaliyokuwa na hita za dizeli. Yote hayo ni kweli, na nitayarudia mbele, maana sikukaa kuandika ili kutetea uzembe. Ninachokataa ni hitimisho wanalolitoa.

Kifungue hicho kisanduku ukione kwa ndani. Katikati kuna chumba kidogo cha kuchomea, kimefungwa, na kimevikwa ganda la aluminiamu lenye mapezi. Pampu ya mafuta, nene kama kidole gumba, inasukuma dizeli kidogo kidogo. Ukilala unaisikia ikigonga, na kadiri unavyopandisha joto ndivyo milio inavyokaribiana. Unapowasha, plagi ya kuwashia inaiva nyekundu na kula umeme mwingi wa betri ya volti 12, kama ampea 8 hadi 10, kwa dakika chache. Moshi mweupe unatoka kidogo kwenye bomba, feni inaongeza kasi, moto unashika, plagi inakatwa. Kuanzia hapo kifaa kinaendeshwa na umeme mdogo tu wa feni na pampu. Chumba cha moto kinavuta hewa yake kwa mpira mmoja na kutoa moshi wake kwa bomba la chuma, vyote viwili vikiwa upande wa chini. Hewa ya hemani haiingii humo hata chembe. Inapita njia nyingine kabisa: feni inaivuta, inaipitisha juu ya yale mapezi yaliyopata moto, inairudisha ikiwa kavu na yenye joto. Ni hewa mbili zenye njia mbili, na ukuta wa chuma katikati.

Wala si teknolojia ya majaribio. Kampuni za Kijerumani za Webasto na Eberspächer zimeuza hita za namna hii kwa miongo mingi, na madereva wa malori ya masafa marefu Ulaya na Amerika Kaskazini wanalala nazo msimu mzima wa baridi. Wengi wa ndugu zetu waliohamia Marekani wanaishi kwa kazi hiyo ya malori. Jimbo la California, tangu 2008, linamkataza dereva anayelala garini kuacha injini ikiunguruma zaidi ya dakika 5, na huko kwingine hesabu ya mafuta pekee inatosha kumshawishi: injini ya lori iliyoachwa ikiunguruma inakunywa kama lita 3 kwa saa, hita ndogo ya chini ya kitanda haifiki theluthi moja ya lita. Kwa hiyo dereva analala juu ya hita ya dizeli Januari yote huko North Dakota, anaamka mzima, anaendelea na safari. Oktoba inayofuata anakwenda kuwinda na wenzake, anaambiwa dizeli itamuua, naye anakubali na kwenda kununua gesi. Nauliza: kilichobadilika ni nini? Mafuta ni yaleyale, kifaa ni kilekile. Kilichobadilika ni jinsi kilivyofungwa, na hilo ndilo jambo pekee ambalo mshauri wake hakulitaja.

Tuje kwenye hiyo gesi. Hita ya propani ya kubebwa mkononi, ile yenye sahani inayoiva nyekundu na chupa iliyoskrubiwa ubavuni, haina bomba la moshi. Haikuundwa kuwa nalo. Kila kinachozaliwa na moto wake kinabaki hemani: hewa ya ukaa, mvuke wa maji, na pale moto unapokosa oksijeni ya kutosha, kaboni monoksidi. Maandishi ya mtengenezaji yanamtaka mtumiaji aache upenyo wa hewa wazi muda wote. Lakini nani anaacha upenyo wazi kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri? Upepo unaingia, mtu ananyanyuka saa nane usiku akiwa nusu usingizini, anavuta zipu mpaka mwisho, anarudi kulala.

Mvuke huo wa maji nao haupewi uzito unaostahili. Kilo 1 ya propani ikiungua inatoa kilo 1.6 za maji. Chupa ndogo inayouzwa kwa ajili ya hita hizi ina gramu 465 hivi, maana yake kila chupa inayokwisha imemwaga hewani robo tatu ya lita ya maji. Usiku huyaoni. Asubuhi yanadondoka kutoka kwenye turubai, begi la kulalia limelowa mabegani, soksi ulizoanika zimelowa kuliko ulivyozianika, na chuma cha bunduki kimetoa jasho. Mtu wa Mombasa au Tanga anaweza kuona hayo ni usumbufu tu. Kwenye mlima wenye theluji ni suala la uhai, kwa sababu nguo iliyolowa haishiki joto, na mwindaji anayepoteza njia jioni akiwa na nguo za ndani zilizolowa anaweza asifike asubuhi. Dizeli nayo ikiungua inatoa maji, lakini yanatoka nje pamoja na moshi, kupitia bomba. Ndiyo maana aliyelala na hita ya dizeli iliyofungwa sawasawa anaamka na soksi kavu.

Hapa watetezi wa gesi hunijibu kwamba hita hizi zina kihisi cha oksijeni: hewa ikipungua, zinajizima. Ni kweli zinacho, na nina hakika kimeokoa watu. Ila kinapima oksijeni, hakipimi kaboni monoksidi. Oksijeni hewani ni karibu asilimia 21, na kihisi hukata moto ikishuka kwenye 18 hivi. Kaboni monoksidi haihitaji nafasi kubwa kiasi hicho. Ikifika sehemu 400 katika milioni, yaani asilimia 0.04 ya hewa, mtu anaanza kuumwa kichwa ndani ya saa moja au mbili, na baada ya saa 3 maisha yako hatarini. Hema la turubai la watu wanne, lile la futi 12 kwa 14, lina ujazo wa takriban mita za ujazo 30. Ili kulifikisha kwenye kiwango hicho zinatosha lita 12 za gesi hiyo. Ndoo moja. Oksijeni itakuwa bado tele, na kihisi hakitakuwa na sababu ya kuzima chochote.

Kisha kuna mwinuko. Watengenezaji wenyewe wa hita hizo za propani wanaonya kwamba juu ya futi 7,000, sawa na mita 2,100 na ushee, hita inaweza kujizima kwa sababu hewa ni nyepesi. Kambi nyingi za elki Colorado ziko juu ya hapo, mita 2,500, hata 3,000. Kwa hiyo mtu anashauriwa anunue kifaa ambacho, mahali penyewe anapokwenda, hakina hakika ya kuwaka. Na mtu aliyechoka, anayetetemeka, ambaye hita yake inakufa kila baada ya dakika chache, huanza kukichokonoa kile kihisi ili kisimsumbue. Siwezi kumtetea anayefanya hivyo, ila najua baridi inavyomfanya mtu.

Mwinuko una ubaya mwingine ambao sijasikia wakiutaja kambini. Kaboni monoksidi hujishikiza kwenye hemoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyojishikiza, na ikishakaa inachukua kama saa 5 za kupumua hewa safi ili nusu yake itoke. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Dalili za kuumwa na mwinuko, kwa mtu aliyetoka Kansas jana na leo yuko mita 3,000, ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Mgonjwa anaambiwa, "Ni milima hiyo, kunywa maji, pumzika." Analazwa hemani. Hita inaongezwa, maana mgonjwa anasikia baridi. Ukiniuliza ni wapi ningependa kila mwindaji asimame na kufikiri upya, ni hapo: mtu akiumwa kichwa ndani ya hema lenye moto na akapata nafuu akitoka nje, milima haina kosa.

Sasa nije kwenye mzizi wenyewe, maana kosa hili halikuanzia Colorado. Tumefundishwa tangu utotoni kupima ubaya wa moto kwa macho na pua. Unaofuka ni mbaya, usiofuka ni mzuri. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua hilo vizuri mno. Nenda Njombe au Makete mwezi Julai, nenda Limuru au Nyandarua, utamwona mama anawashia jiko la mkaa nje, analipepea, anasubiri moshi uishe na mkaa ukolee, kisha analiingiza chumbani walikolala watoto. Ameshika kanuni aliyofundishwa: moshi umekwisha, jiko sasa ni salama. Na mlango unafungwa. Kumbe mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi wala harufu, ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Moshi ulioondoka ulikuwa unamkohoza na kumkimbiza, kilichobaki hakimkohozi. Kila msimu wa baridi magazeti yetu hayakosi habari ya familia iliyokutwa asubuhi haina uhai, jiko likiwa katikati ya chumba, na majirani wakitafuta mchawi au sumu kwenye chakula.

Tumehama na kanuni hiyo. Desemba 2006 dhoruba kubwa ya upepo ilikata umeme kwa mamia ya maelfu ya nyumba katika jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Siku zilizofuata hospitali za Seattle zikapokea watu zaidi ya 100 wenye sumu ya kaboni monoksidi, wengi wao wahamiaji waliokuwa wameingiza majiko ya mkaa ndani ili wapate joto, na wapo waliokufa. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa za wahamiaji, jambo ambalo magazeti hayafanyi kila siku. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wakifuata kile ambacho kwao kilikuwa busara ya nyumbani, kwenye nyumba za Kimarekani zilizozibwa kila ufa ili baridi isipenye.

Mwindaji anayeiita gesi "safi" na dizeli "chafu" anafuata busara hiyohiyo. Propani haina masizi, moto wake ni wa buluu, hainuki ikiungua. Kwa kipimo cha pua imefaulu. Na dizeli, kwa kipimo hicho, imefeli hata kabla haijawashwa, kwa sababu tu tone likimwagika kwenye glovu litanuka siku nzima. Napinga kipimo chenyewe. Swali la kwanza juu ya moto wowote unaolala nao linapaswa kuwa hili: unavuta hewa ya nani, na pumzi yake inaishia wapi? Kwa hita ya gesi isiyo na bomba jibu ni moja kila siku: unavuta hewa yako, na pumzi yake inaishia kifuani mwako. Kwa hita ya dizeli jibu linategemea aliyeifunga.

Na hapo ndipo ninapogombana na upande wa pili, wale wanaonikubali haraka mno. Wamesikia kwamba chumba cha moto kimefungwa, basi wananunua kile kisanduku chenye kila kitu ndani yake, tangi, pampu na hita pamoja, wanakiweka katikati ya hema karibu na miguu yao, wanapitisha bomba la moshi chini ya pindo la turubai na kulala. Wanasema dizeli haina kaboni monoksidi ya kutisha. Si kweli. Dizeli inayoungua vizuri inatoa kidogo. Inayoungua vibaya inatoa ya kutosha kuua, na kuna sababu nyingi za kuungua vibaya, hasa huko juu. Mita 3,000 kutoka usawa wa bahari kanieneo ya hewa imebaki karibu asilimia 70, lakini pampu, isiporekebishwa, inaendelea kupima mafuta yaleyale. Mafuta yanazidi hewa, masizi yanajijenga kwenye chumba cha moto, moshi unageuka mweusi. Ukiiendesha kwa moto mdogo usiku kucha siku nyingi mfululizo, hali inazidi. Hita hizi zinahitaji kupandishwa juu mara kwa mara ili zijichome masizi yake, na huko milimani mafuta ya taa yanazifaa kuliko dizeli.

Litazame bomba lenyewe. Ni la chuma chembamba chenye mikunjo, limebanwa kwenye hita kwa klampu moja. Linapata joto la kutoboa turubai na kuunguza kiganja. Mtu akiamka gizani kwenda haja ndogo akakipiga teke kile kisanduku, klampu inateleza milimita chache tu, na kuanzia hapo bomba linapumulia ndani. Mafla ndogo inayokuja pamoja na hita za bei nafuu mara nyingi ina kitundu cha kutolea maji na mishono isiyobana. Haikukusudiwa kukaa mahali anapolala mtu. Halafu kuna theluji. Ikianguka usiku, inaweza kufukia mdomo wa bomba lililolazwa ardhini, na moshi uliokosa njia utatafuta nyingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mkali kuliko wa pande zote mbili: kwenye hema, hita yenyewe ikae nje. Kisanduku kiwe hatua kadhaa kutoka kwenye turubai, kimeinuliwa juu ya theluji, na kinachoingia hemani kiwe mpira mnene wa hewa ya moto peke yake. Tena isiishie hapo, maana nimeona kambi ambayo wenyewe waliitoa hita nje vizuri kabisa, kisha wakauelekeza mdomo wa moshi upande uleule ambako feni inavuta hewa ya kupeleka ndani. Hita ilikuwa inayanusa matapishi yake na kuyapeleka hemani. Mdomo wa moshi uelekee upepo unakokwenda, mbali. Hewa ya kupashwa joto ivutwe upande wa pili, au irudishwe kutoka hemani kwa mpira wa pili. Upepo wa milimani hugeuka usiku, kwa hiyo umbali ni bora kuliko hesabu za upepo.

Kwenye trela mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu kuna sakafu ya kutoboa na ukuta wa kukazia. Hapo hita inaweza kukaa ndani, kama ilivyo kwenye lori, mradi bamba lake limefungwa kwenye sakafu pamoja na gasketi yake, na viungo vya moshi na vya hewa ya moto viko chini ya sakafu, si juu yake. Kosa la wengi ni kuliacha bomba liishie uvunguni mwa trela. Moshi unajaa huko chini, theluji iliyolundikana pembeni inauzuia usitawanyike, nao unapanda kupitia kila tundu la waya na kila ufa wa mlango. Bomba lazima lipite ukingo wa trela, litokeze nje kabisa, upande usio na dirisha wala mlango. Wapo wanaosema kaboni monoksidi ni nzito, hukaa chini, kwa hiyo aliyelala kitanda cha juu yuko salama. Ni nyepesi kidogo kuliko hewa na huchanganyika nayo kila mahali. Hakuna kitanda cha usalama.

Na usizime hita hii kwa kung'oa waya wa betri. Bonyeza kitufe na uiache. Feni itaendelea kwa dakika kadhaa kupooza chumba cha moto. Betri ikifa katikati ya usiku upoozaji huo haufanyiki, gasketi zinaungua, na safari inayofuata unalala na hita inayovuja ukidhani ni ileile ya mwaka jana. Betri nzuri iliyojaa ni sehemu ya usalama.

Kuhusu jiko la kuni na bomba lake lililotokeza juu ya hema, sina ugomvi nalo. Lina bomba, na hilo linatosha kuliweka upande wangu, ingawa linadai mtu wa kuliamkia. Wanaolalamika kwamba hita ya dizeli inapiga kelele na kufukuza wanyama, nawaachia kelele yao.

Kifaa ninachokidai kutoka kwa wote, wa gesi, wa dizeli na wa kuni, ni kengele ya kaboni monoksidi inayotumia betri. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinasema zaidi ya watu 400 hufa kila mwaka nchini humo kwa sumu hii bila kuhesabu ajali za moto, na zaidi ya 100,000 hufikishwa vyumba vya dharura. Kengele hiyo bei yake ni ndogo kuliko ya boksi moja la risasi za kuwindia elki. Lakini ijue inavyofanya kazi. Chini ya kiwango cha Marekani cha UL 2034, hewa ikiwa na sehemu 70 katika milioni, kengele inaruhusiwa kukaa kimya kwa saa 1 na lazima ilie kabla ya saa 4. Ikiwa 150, ni kati ya dakika 10 na 50. Ikiwa 400, ni kati ya dakika 4 na 15. Kimya chake hakimaanishi hewa ni safi; kinamaanisha kiwango na muda havijafika. Na nyingi za majumbani zimetengenezwa kwa joto lisiloshuka chini ya nyuzi 4, kwa hiyo ukiiacha garini ikagandishwa mchana kutwa usiitegemee usiku. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya trela na magari ya kulala, na iweke karibu na kichwa chako.

Ninyi mnaowapeleka wageni wetu kuwinda kwa mara ya kwanza, nawasihi acheni kuwauliza wamebeba hita ya mafuta gani. Waulizeni bomba la moshi linatokea wapi, kisha zungukeni hema kwa miguu mkalione wenyewe kabla hawajalala. Aliye na hita isiyo na bomba aitumie akiwa macho, zipu ikiwa wazi, na aizime kabla ya kufumba macho. Begi zuri la kulalia litamaliza usiku. Na kengele ikilia usiku, asifungue dirisha akarudi kulala. Atoke nje, yeye na kila aliyemo, wahesabiane, wapige 911, na wasirudi ndani hata kama nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Wakae garini, baada ya kuhakikisha bomba lake la moshi halijafukiwa na theluji.